Mpira Uliompita Mama Mkwe

Sogeeni karibu, enyi mlioketi na enyi mliosimama, nanyi mnaosikia kwa sikio moja kwa kuwa la pili limebanwa na simu. Punguzeni moto chini ya masufuria, nyamazisheni watoto, wekeni kando habari za wafalme na majemadari, kwa maana hizo zimeandikwa na kuandikwa tena hata wino ukachoka. Habari hii haijapata kuandikwa. Ni habari ya Kinyozi mwana wa kinyozi, Bwana wa Mikasi Miwili, Msawazishaji wa Visogo, ambaye Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, sebuleni mwake, mbele ya mashahidi walio hai hadi leo, aliupitisha mpira mmoja wa meza ubavuni mwa mama mkwe wake, na mama mkwe asiuguse.

Mkicheka sasa mtaona haya baadaye, maana hamjamjua mama mkwe huyo.

Bibi huyu, ambaye katika kumbukumbu hizi tutamwita Mfika-Kabla, alikuwa katika ujana wake bingwa wa mpira wa meza wa chuo cha walimu, na waliowahi kusimama upande wa pili wa meza yake hulizungumza jambo hilo hadi leo kwa sauti ya chini. Baadaye alifundisha watoto wa chekechea mpaka akastaafu, na huko ndiko alikounoa upanga wake. Kikombe cha maziwa kilipokuwa bado kinawaza kuanguka, kiganja chake kilikwisha kuwa chini. Mtoto aliyekusudia kumng'ata mwenzake alikuta shavu alilolilenga limekwisha kuhamishwa. Sasa magoti yalikuwa yamevimba na kufungwa bendeji, naye hakukimbia tena wala hakuruka. Alipiga hatua ndogo mbili, za mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi, na pale alipofika ndipo mpira ulipokuja kuanguka. Ungedhani walipeana miadi tangu asubuhi.

Aliingia nyumbani kwa Kinyozi baada ya kufiwa na mumewe, akiwa na mfuko mmoja wa nguo na vibao viwili vilivyofungwa kwa kitambaa. Akaitazama meza ya chakula kama jemadari atazamavyo uwanda, akaipima kwa mikono, akatamka kuwa ni fupi kidogo lakini itafaa. Jioni ile ile Kinyozi alileta taulo jembamba la saluni, wakalikaza katikati ya meza kati ya makopo mawili ya poda, na huo ukawa wavu. Tangu hapo kila jioni sahani zikishaondolewa vita vilipigwa, na kila jioni Kinyozi alichapwa.

Msije mkasema hakupata pointi. Alipata. Kuna siku Mfika-Kabla alipiga chafya, na kuna siku mpira uligonga kopo la poda ukaruka njia isiyo yake. Lakini mpira alioupiga yeye kwa kusudi lake, ukaenda alikotaka, ukamkuta bibi yule hayupo, huo haukuwahi kuwapo. Apige kulia, yupo kulia. Apige kushoto, ameshafika, ametulia, kibao kimeinuliwa, usoni ana ile huruma ya mwalimu anayemsubiri mtoto amalize kuvaa kiatu. Alipomuuliza anajuaje, alijibiwa kwa ukweli wote wa moyo kwamba yeye huangalia mpira tu. Basi Kinyozi naye akauangalia mpira, akauangalia mpaka machozi yakamtoka, na akachapwa vilevile.

Ndipo msiba ulipobisha mlango. Mfika-Kabla alikuwa na mtoto wa kiume, kifungua mimba wake, mhadhiri katika chuo cha michezo, mtu mwenye miwani na gari na fleti katika jengo lenye lifti. Huyu kwa muda mrefu alikuwa akimwomba mama yake ahamie kwake, naye akikataa kwa sababu ya lifti. Lakini siku moja alimwambia kwamba chini ya jengo kuna ukumbi, na ukumbini kuna meza ya kweli yenye wavu wa kweli, na wastaafu hucheza pale kuanzia asubuhi. Jioni hiyo Mfika-Kabla hakukishika kibao. Alikaa kitako, akasafisha koo, akanena mbele ya mkwe wake na binti yake.

"Mwanangu," alisema, "nyumba yako ni njema, na mkono wako wa kulisha watu ni mwepesi. Sina lawama nawe hata chembe. Ila mpira wako naujua kabla hujaupiga. Kucheza nawe ni kama kusoma barua niliyoiandika mwenyewe. Mimi ni mzee, nimebakiwa na starehe moja tu, na starehe yenyewe ni kushangazwa. Kwa hiyo nasema hivi. Kaka yake mkeo anakuja kunichukua Jumapili. Kabla ya hapo, ukinipigia mpira mmoja, mmoja tu, ambao sikuujua, nitakaa. Usiponipigia, nakwenda kwenye lifti."

Mke wa Kinyozi, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, alimtazama mumewe. Mumewe alisema mchuzi ulikuwa umekolea.

Hapa lazima niseme huyu Kinyozi alikuwa mtu wa namna gani, maana bila hivyo mtamdhania vibaya. Mchana kutwa aliongea na vichwa vya watu, akavipa habari za mvua na za bei ya sabuni, akavisikiliza vikilalamika, na alipofika nyumbani maneno yalikuwa yamemwishia. Kabla Mama Mkwe hajaja, yeye na mkewe walikula kimya wakasikiliza vijiko. Hakukuwa na ugomvi wala kinyongo. Walikuwa wamechoka tu, na uchovu ulikuwa umehamia nyumbani na kujitafutia kiti. Alipokuja bibi yule na vibao vyake, nyumba ikachangamka. Mke akawa anahesabu pointi kutoka mlangoni, akaanza kumtania mumewe, akacheka kile kicheko ambacho Kinyozi alikuwa amesahau kwamba ndicho kilichomfanya amwoe. Tena mama yake Kinyozi alifariki yeye akiwa bado hajui kufunga vifungo vya shati. Kuita "Mama" na kuitikiwa lilikuwa jambo jipya kwake. Alimpenda bibi yule, ndiyo habari yenyewe, na hakutaka aende.

Mtu wa kawaida angesema hivyo kwa sentensi moja kisha akanywa chai. Lakini mashujaa hawakuumbwa hivyo. Kila Kinyozi alipofungua kinywa kusema "Mama, usiende", kilichotoka kilihusu chumvi au hali ya hewa. Mtu aliyeweza kumwambia mteja kwamba upara wake umefika utosini aliogopa kumwambia mkwewe neno la upendo. Akaona heri vita. Jumatatu akapiga kwa nguvu, Jumanne akapiga polepole, Jumatano akapiga huku amefumba jicho moja, na siku zote tatu Mfika-Kabla alikuwepo.

Alhamisi, Shemeji Mhadhiri alikuja saluni kunyolewa ili siku ya kumchukua mama yake awe nadhifu. Akaketi, akafungwa shuka jeusi shingoni, na kama walivyo wasomi wote wakishafungwa mikono, akaanza kuhadhiri. Kinyozi alikuwa amemuuliza kwa unyonge tu, kwa kuzuga, inakuwaje Mama anajua mpira unakokwenda.

"Shemeji," alijibu Mhadhiri, na sauti yake ikaijaza saluni, "umeuliza swali ambalo watu wamelikeshea. Sikia. Mpira ule ni mwepesi na meza ni fupi. Mtu akingoja kuuona ndipo aende, atakuta umekwisha kupita. Bingwa hangoji. Kabla kibao hakijaugusa mpira, macho yake yamekwisha kusoma bega la mpinzani, na nyonga, na kiwiko, na mkunjo wa kifundo cha mkono, na miguu yake imekwisha kuondoka. Na ajabu yenyewe ni kwamba hajui. Hakuna aliyemtuma. Umuulize, ataapa kwamba anaangalia mpira. Wala hakufundishwa kwa maneno, na kwa maneno hawezi kukufundisha. Amecheza na watu wengi mno, basi, mwili ukajisomea wenyewe."

Kinyozi aliizima mashine. Wateja waliokuwa wakisubiri waliinua vichwa.

"Hata wewe," Shemeji aliendelea kwa furaha, bila kujua kwamba anamwuza mama yake, "mimi nimekaa hapa nakutazama kwenye kioo. Kabla hujaligusa sikio langu, bega lako la upande huo linashuka na shingo yako inalala. Mimi huwa najua unakuja wapi, nainamisha kichwa mwenyewe."

Kinyozi alijitazama kwenye kioo, akainua mkono kuelekea sikio la kulia, na bega la kulia likashuka mbele ya macho yake kama mtumishi anayemfungulia bwana mlango. Akajaribu kushoto. Likashuka la kushoto. Ndipo alipoukumbuka mkono wa marehemu baba yake, aliyemfundisha kazi tangu akiwa mdogo kwamba kichwa cha mtu hakivamiwi. Kinyozi hodari huuonyesha mwili wake kwanza, ili mteja asishtuke na wembe usile sikio. Miaka yote hiyo mwili wake ulikuwa umezoea kupiga hodi, na ulipiga hodi kila mahali, hata kwenye meza ya chakula mbele ya bibi aliyekwisha kusimama mlangoni. Msaliti hakuwa Mfika-Kabla. Msaliti alikuwa bega, na bega lilikuwa lake. Fikra hii ilimlemea kiasi kwamba Shemeji alitoka saluni siku hiyo na kisogo kilichopanda upande mmoja, jambo ambalo wanahistoria wa ukoo wamekubaliana kutolikuza.

Jumapili ikafika. Wakala mchana wote wanne, Shemeji akiwa na funguo za gari kando ya sahani, na mfuko wa Mama Mkwe ukiwa umekwisha kufungwa karibu na mlango. Meza ikafutwa. Taulo likakazwa, makopo yakasimama imara kama minara. Kisha Kinyozi aliingia chumbani kujivika silaha, na alipotoka watu walisimama.

Shingoni alikuwa amefunga lile shuka jeusi la saluni, la mteja mnene, lililomfunika mabega na viwiko na kiuno na kushuka hadi magotini, kiasi kwamba hakuna kilichoonekana cha mwili wake ila kichwa juu, ndara chini, na ngumi moja iliyochungulia ubavuni imeshika kibao. Alionekana kama mtu aliyetoroka katikati ya kunyolewa.

"Unamnyoa nani?" mke wake akauliza.

Kinyozi alikwenda kusimama upande wake wa meza, kwa maana majemadari hawajibu. Lakini Shemeji alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, na rangi ya uso wake ikabadilika pole pole kadiri alivyotambua hotuba yake mwenyewe ikiwa imevaa shuka.

Mpira wa kwanza ukapigwa, na, enyi wasikilizaji, Mfika-Kabla alichelewa. Alichelewa kidogo, kwa upana wa ukucha, lakini alichelewa. Mguu uliinuka, ukasita, ukateremka mahali pasipo pake, na mpira akaupata kwa ncha tu ya kibao, kwa kunyoosha mkono namna ambayo hakuna aliyewahi kumwona akinyoosha. Akamtazama mkwe wake kwa mshangao. Alikuwa anatafuta kitu na hakujua ni kitu gani. Kinyozi aliona, na moyo wake ukapiga ngoma ndani ya shuka.

Furaha hiyo haikudumu. Mwili wa bingwa una ukaidi wake. Ulipokosa mabega ukaanza kusoma kwingineko, na hakuna aliyeuambia, hata bibi mwenyewe. Kinyozi, alipokusudia kupiga kushoto, alivuta mdomo upande wa kushoto, kama vinyozi wote wafanyavyo wakifika nyuma ya sikio. Baada ya mipira michache Mfika-Kabla alikuwa amefika tena, ametulia, ana huruma. Kinyozi akavaa barakoa ya saluni. Akasomwa ndara. Akavua ndara. Akasomwa vidole. Mwishowe, kwa hasira, alijirusha kuufuata mpira mmoja wa mbali, pindo la shuka likanasa kwenye kopo la poda, kopo likaanguka, kifuniko kikafyatuka, na wingu jeupe likapanda kutoka uwanjani mpaka kwenye taa. Wote wanne walikohoa. Wingu lilipotua, Mfika-Kabla alikuwa amesimama pale pale, mweupe nyusi, na mpira ulikuwa mkononi mwake.

"Vua hilo shuka, mwanangu," alisema kwa upole. "Utaugua kwa joto."

Akalivua. Jasho lilimtiririka, fulana imegandamana mgongoni, na bega lake, lile la aibu, likawa wazi kwa ulimwengu kulisoma. Wakarudisha kopo, wakacheza. Pointi zilikwenda zilikokuwa zikienda siku zote. Ukabaki mpira wa mwisho, na Shemeji, ambaye alikuwa mtu mwema na alikwisha kuona uso wa Kinyozi, alizitazama funguo zake kana kwamba angependa zipotee.

Mfika-Kabla akaanzisha. Mpira ukaja, ukarudi, ukaja tena. Kinyozi hakuwa akipanga lolote. Hakuwa na hila iliyosalia. Aliuona mfuko ule karibu na mlango, akaona vijiko vya kesho na kimya cha kesho kutwa, na maneno yaliyomkaba wiki nzima yakaanza kupanda yenyewe, yakamkuta hana nafasi ya kuyageuza kuwa chumvi.

"Mama," alisema, na mkono wake ukarudisha mpira. "Mama, mimi sitaki uende."

Na alipokuwa akisema hivyo jambo likatokea ambalo Shemeji hulihadhiri hadi leo. Mfika-Kabla alikuwa ameinua kibao kupiga kona ya kushoto ya Kinyozi, kona ambayo alikuwa akimshindia jioni baada ya jioni. Na kabla hajapiga, Kinyozi alikuwa amekwisha kuwa pale. Hakuna aliyemtuma. Miguu yake iliondoka yenyewe, maana jioni zote zile alizochapwa, huku akilaani na kuukodolea macho mpira, mwili wake nao ulikuwa umekaa kimya ukimsoma bibi yule, nyonga yake, kiwiko chake, kile kidole gumba kinachojipinda kidogo. Akafika kabla. Akaupiga mapema, mpira ukiwa ndiyo kwanza unainuka, na bega lake halikushuka wala shingo haikulala, kwa sababu mwili wote ulikuwa umeshughulika na yale maneno na haukukumbuka kupiga hodi.

Mpira uligusa pembe ya meza upande wa kulia wa Mfika-Kabla. Yeye alikuwa kushoto, uzito wote juu ya goti baya, kibao kikiwa kimeinuliwa mahali ambapo mpira haukuwepo wala haukukusudia kuwepo. Ukampita. Ukagonga mlango wa kabati, ukadundadunda sakafuni, ukaingia chini ya kochi.

Taulo la wavu lilikuwa bado linatikisika.

"Mpira umegusa meza," mke wa Kinyozi akasema mwishowe. "Nimeuona mimi."

Mfika-Kabla alikitazama kibao chake upande mmoja, akakigeuza, akakitazama upande wa pili. Kisha akamtazama mkwe wake.

"Umejuaje nitapiga kule?"

"Sijui, Mama. Nilikuwa naangalia..." Kinyozi akasita. Hakujua alikuwa anaangalia nini. "Nilikuwa naongea tu."

"Ulikuwa unasema nini? Mimi nilikuwa kwenye mpira."

Basi hapo, enyi wasikilizaji, ndipo palipokuwa na vita vyenyewe, na vile vya kwanza vilikuwa mazoezi. Hapakuwa tena na mpira wa kumshughulisha, wala shuka, wala barakoa. Palikuwa na mwanamume aliyelowa jasho, mwenye poda kwenye nyusi, mbele ya mkewe na shemeji yake, na ilimpasa aseme tena. Masikio yakamwaka moto. Akasema, akiyatazama makopo, kwamba hataki aende, kwamba nyumba ikiwa na yeye inakaa vizuri, na kwamba yeye hakuwahi kuwa na mama wa kumchapa.

Mke wake akageuka kutazama jikoni, na akaendelea kutazama huko kwa muda.

Shemeji, akitaka kuliweka jambo vizuri kwa kila mtu, alicheka kidogo, akasema bila shaka Mama amemwonea huruma mkwewe na kumwachia ule mpira, na si vibaya, ni utu. Maneno hayo yalikuwa kosa. Mfika-Kabla alimgeukia mwanawe kwa jicho ambalo madarasa mengi ya chekechea yangelitambua.

"Nimwachie nani mpira?" aliuliza. "Mimi? Tangu nizaliwe sijamwachia mtu mpira, hata baba yako, Mungu amrehemu, siku ya posa. Nimepitwa. Nimepitwa mchana kweupe na kinyozi. Unataka niondoke nyumba hii na jambo hilo rohoni, nikapande lifti nalo? Rudisha mfuko wangu chumbani. Na wewe, mwanangu, tafuta huo mpira."

Kinyozi akapiga magoti mbele ya kochi, akanyoosha mkono gizani hadi begani, akautoa ukiwa na vumbi na uzi wa zulia. Nyuma yake alisikia mfuko ukiburutwa kurudi chumbani, na Shemeji akilalamika kwamba ni mzito, na mkewe akicheka. Alichukua muda mrefu zaidi ya uliohitajika kuupangusa mpira ule, kwa maana macho yake hayakuwa sawa, na akalaumu poda.

Basi yaandikwe haya, na wino usione haya. Wengine wameteka miji wakairudisha, wamevuka milima wakasahau sababu. Kinyozi aliupitisha mpira mmoja. Mchezo wenyewe alishindwa, na uliofuata alishindwa vibaya zaidi, na hajaupitisha mwingine tangu hapo, ingawa hujaribu kila jioni. Mama Mkwe naye, akimaliza kumchapa, humwambia kwamba kesho watarudia, na yeye huitikia, "Ndiyo, Mama."